Fundi anasema ninunue tairi mbili tu za mbele kwenye STI, ni sawa?

SWALI: Kaka habari za kazi. Nina Subaru Impreza STI hatchback ya 2008, gia ya mkono, rimu 18. Nimeiagiza Japan mwaka jana na mpaka leo natembelea tairi ilizokuja nazo, 245/40R18. Mbili za mbele zimeisha, zina vipara pembeni, za nyuma bado nzuri tu. Fundi wangu anasema ninunue mbili za mbele nisijitese, na kuna duka wana 225/40R18 mpya kwa bei nzuri kuliko 245. Mwana mmoja kwenye grupu letu la Subaru yeye ananiambia nichukue zile laini za mashindano ndo zinashika barabara. Kila baada ya wiki mbili natoka Dar kwenda Iringa. Nifanyeje?

JIBU: Salama mdogo wangu. Usinunue mbili. Na hizo 225 usiziguse hata wakikupa bure.

Ngoja nikwambie kwanini, maana fundi wako hajakosea kwa gari zote, kakosea kwa gari yako. Kwenye Vitz au Mark X ya kawaida ukiweka mbili mpya na mbili za zamani maisha yanaenda. STI inasukuma miguu yote minne muda wote, na kati ya mbele na nyuma kuna difu ya katikati ambayo kazi yake ni kuruhusu tofauti ndogo za mzunguko, mfano unapokata kona. Imetengenezwa kwa tofauti za kuja na kuondoka. Ukiweka tairi ndogo mbele na kubwa nyuma umeilazimisha kufanya kazi kuanzia Ubungo mpaka Iringa bila kupumzika, mafuta yanapikwa humo ndani, na siku ikianza kulia utatamani ungenunua tairi nane.

Hesabu yenyewe ni rahisi. 245/40R18 ikiwa mpya ina kipenyo cha kama milimita 653, ukizungusha futi kamba kwa nje unapata kama 2,052. Hiyo 225/40R18 kipenyo ni 637, mzunguko 2,002. Tofauti ni milimita 50. Subaru wenyewe wanasema tairi zote nne zisipishane zaidi ya robo inchi kwenye mzunguko, yani milimita 6 na kidogo. Umeona hapo? Umezidisha mara nane. Kwa mpya na mpya, tairi ya mbele itazunguka mara 12 zaidi ya nyuma kwa kila kilomita moja, na Iringa ni kama kilomita 500, kwa hiyo safari moja ya kwenda tu ni mizunguko elfu sita ya ziada ambayo difu inaimeza yote.

Na usifikiri ukipata 245 mbili za saizi ileile ndo umepona. Milimita 6 za mzunguko ni sawa na milimita 1 tu ya kashata, yani yale meno ya mpira yanayogusa barabara. Tairi mpya inakuja na milimita 8 hivi, ya nyuma yako tuseme imebaki na 4, hapo tayari mzunguko unapishana kwa milimita 25. Ndo maana kwenye hizi gari tunasema nne, zote kampuni moja, mchoro mmoja, zimenunuliwa siku moja. Hata kampuni mbili tofauti zikiandika saizi ileile ubavuni, ukizipima hazilingani sana. Kama huniamini chukua futi ya fundi cherehani, jaza upepo sawa, zungusha katikati ya tairi moja moja uandike. Dakika kumi. Kuna mteja aliniletea Forester inayojifunga akikata kona kuingia parking, kashabadilisha vitu vya hela nyingi kwingine, nikazungusha futi tu, tairi moja ya nyuma ilikuwa mpya peke yake, alipata pancha ya ubavuni akanunua moja.

Sasa nikuulize kitu ambacho hukuniuliza. Hizo za nyuma unazosema bado nzuri, umezisoma? Gari nyingi za Japan, hasa zilizotoka kule kwenye barafu, zinapanda meli na tairi za theluji. Angalia ubavuni kama kuna neno STUDLESS, au majina kama Blizzak au iceGUARD, na mwisho wa saizi kama kuna herufi Q. Ukigusa utaona mpira una vipande vidogo vidogo vimekatwakatwa kama vimechanwa na wembe. Ule mpira umepikwa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya sifuri, ukiuleta kwenye lami ya Chalinze saa saba mchana unakuwa kama ubani wa kutafuna, gari inayumba ukiwa unaovateki, breki kwenye maji inachelewa, na zinaisha mbele haraka vilevile unavyolalamika. Halafu hiyo Q maana yake ni kilomita 160 kwa saa ndo mwisho wake. Sisemi unakimbia hivyo, lakini gari yako ilitoka kiwandani na herufi W, 270, na tofauti hiyo sio ya spidi tu, ni uwezo wa kuvumilia joto. Kama ndo hizo basi suala la mbili za mbele limeisha lenyewe, toa zote.

Hata kama sio za theluji soma tarehe. Kuna maandishi yanaanza na DOT, mwisho wake kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Inaweza kuwa imeandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo ingia chini ya gari uangalie na ubavu wa ndani. Kwa jua letu mimi tairi ikipita miaka sita siiamini kwenye gari kama hii hata kama kashata zimejaa. Na dukani pia uangalie, mpya kwangu ni isiyozidi miaka miwili, tena isiwe ile iliyopangwa nje ya duka inapigwa jua kama nguo za mtumba.

Huyo mwana wa grupu kuhusu laini za mashindano, yuko sahihi nusu. Ubavuni kuna neno TREADWEAR na namba, ndo kipimo cha tairi inavyochelewa kuisha, namba ndogo inaisha haraka. Zile anazozisema zinacheza kwenye 200 kushuka chini. Zinashika kweli zikipata moto na barabara ikiwa kavu, lakini mifereji yake ni michache na mifupi, na wewe unapita Mikumi na kushuka Kitonga, mwezi wa nne masika iko pale maji yamesimama barabarani na lori liko mbele yako. Tairi isiyotoa maji gari inaelea juu yake, hapo turbo na breki za Brembo havikusaidii chochote. Nunua zile siku ukiwa na seti ya pili ya rimu kwa ajili ya kuchezea. Kwa barabara tafuta za spoti za kawaida, namba kati ya 240 na 340 hivi, na pembeni yake neno TRACTION, yani inavyoshika kwenye maji, liwe AA au A. Usilinganishe sana treadwear ya kampuni moja na nyingine, hizo namba kila kampuni inajipimia yenyewe, kwa hiyo 300 ya huyu inaweza kuisha kabla ya 280 ya yule. Kama tairi ina kibandiko cha Ulaya angalia alama ya mvua, ile ya wingu, A au B ndo unaitaka.

Majina? Kwa hela yangu ningechukua Michelin Pilot Sport, kwa mvua sijaona cha kuzilalamikia. Potenza za Bridgestone na Advan za Yokohama ni ndugu zake. Ikishindikana shuka kwenye Hankook Ventus, Kumho Ecsta au Falken Azenis, usione aibu, Ventus nne mpya zinazofanana ni bora mara mia kuliko Michelin mbili na takataka mbili. Ambacho sitaki ni mtumba. Tairi iliyotumika ya saizi hii imetolewa kwenye gari ya mtu kwa sababu fulani, na wewe huijui.

Saizi bakia 245/40R18. Namba ya mzigo isipungue ile ya kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Watu wengine watakwambia chukua yenye XL ndo haipasuki kwenye mashimo, sio hivyo, XL inabeba mzigo zaidi kwa upepo zaidi, ila ubavu wake ni uleule wa sentimita 9.8 na shimo linaujua. Kama mashimo ndo yanakuua kila mwezi, tairi zinaota uvimbe ubavuni, kuna njia nyingine ambayo mi naipenda kwa mtu wa safari: tafuta rimu 17 zenye tundu 5x114.3 uvae 225/50R17. Kipenyo ni 657, karibu sawa na cha kwako, ubavu unaongezeka mpaka sentimita 11 na kidogo. Usukani unachelewa kidogo kuitika, lakini mgongo utakushukuru. Tatizo ni breki zako za Brembo, sio kila rimu 17 inapita juu ya kalipa, kwa hiyo ijaribu kwa kuivalisha kwanza bila tairi kabla hujatoa hela. 16 sahau kabisa.

Siku ya kufunga kaa hapohapo usiende kunywa chai. Tairi nyingi za spoti zina neno OUTSIDE ubavuni, lazima litazame nje, au zina mshale wa uelekeo, na nimeshaona gari imetembea miezi na tairi zimevaa kinyume. Balansi zote nne, alaimenti siku hiyohiyo, maana hivyo vipara vya pembeni vya mbele vinaniambia alaimenti yako imekaa vibaya na itakula na mpya. Upepo fuata kibandiko cha mlango, pima asubuhi gari haijatembea. Ukifika Morogoro ukapima ukaona imepanda psi nne usipunguze, ni joto. Hiyo ya kujaza naitrojeni sikukatazi, ila upepo wa kawaida wenyewe ni naitrojeni asilimia 78, kwa hiyo usilipie kama dawa.

Kilomita 150 za mwanzo enda taratibu, tairi mpya inateleza kidogo juu. Baada ya hapo kila kilomita elfu 8 hivi zibadilishane mbele na nyuma ili ziishe pamoja. Ukifika dukani nitumie picha ya zile namba nne za DOT, za tairi zote nne, kabla hawajazitoa kwenye nailoni.