Nilivyopata watu kwenye grupu letu la viziwi Morogoro

Mkuu mleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema umefungua grupu la viziwi WhatsApp, ukasambaza linki kila ulipoweza, wakaingia watu 60, na sasa mwezi wa pili hakuna anayesema kitu. Unauliza uvute vipi watu wapya. Mimi ni kiziwi, nilipoteza usikivu nikiwa darasa la nne kwa homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2021 nilifungua grupu kama lako hapa Morogoro na likafa. La pili liko hai mpaka leo, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta.

Kosa langu kubwa lilikuwa Kiswahili. Mimi nilikijua kwa masikio kabla sijaugua, kuandika hakunisumbui. Nikaweka makaribisho ya aya nne na sheria kumi. Lakini kiziwi wa kuzaliwa hakukipata Kiswahili kwa mama yake wala kwa watoto wa jirani. Amekutana nacho ubaoni, mara nyingi amechelewa kuanza shule, na pengine mwalimu mwenyewe alama zinamsumbua. Lugha yake ni LAT, Lugha ya Alama ya Tanzania, na ina sarufi yake kabisa. Wengi walinijibu kwa dole gumba, nami nikadhani tumeelewana.

Aliyenifumbua macho ni dada mmoja fundi cherehani, kiziwi wa kuzaliwa. Nilimpelekea suruali ya kupunguza, nikamuuliza mbona hachangii. Akaweka mkasi chini, akachukua simu yangu, akapandisha ule ujumbe kwa kidole taratibu mpaka mwisho, akanirudishia. Kisha akaniambia kwa alama: "Maandishi mengi. Mikono iko wapi?"

Siku ileile nilimwomba awe admini wa grupu jipya, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kibandani kwake viziwi hupita kila siku, wengine hawana hata nguo ya kushona, wamekuja kupiga stori tu. Hakumtumia mtu linki. Kila aliyefika, fundi alimwomba simu, akamwingiza palepale, akamwonyesha jinsi ya kurekodi video ya alama, akasubiri arekodi mbele yake. Mwezi mmoja akaleta watu 23, na karibu wote wanaongea. Linki yangu ya miezi mitano iliniletea wanne wanaoongea. Kila mji una mtu wa namna hii: kinyozi, fundi viatu, kapteni wa timu ya mpira ya viziwi, mama anayekaa mstari wa mbele kanisani ambako kuna mkalimani. Mtafute huyo kwanza. Kama hujui pa kuanzia, uliza tawi la CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, mkoani kwako, au nenda kwenye Wiki ya Viziwi mwisho wa Septemba. Mle ndani ipo tarehe 23, Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, ambayo Umoja wa Mataifa uliichagua kwa sababu Shirikisho la Viziwi Duniani liliundwa Roma tarehe hiyo mwaka 1951. Nenda wewe mwenyewe, na simu ikiwa imejaa chaji.

Jambo la pili ni majina. Kwenye grupu lako watu wanaonana kama Hamisi Juma na Neema John, na hakuna anayemjua Hamisi Juma. Viziwi tunajuana kwa majina ya alama. Mmoja ni kovu juu ya nyusi, mwingine ni kishimo cha shavuni, mwingine ni namna alivyokuwa akivuta mkanda wa suruali utotoni. Majina hayo hayaandikiki. Kwa hiyo kila anayeingia kwetu hutuma video ya sekunde 20: jina lake la alama, shule aliyosoma, na miaka aliyokuwa pale. Shule ndiyo ukoo wetu. Ukitaja Shule ya Viziwi Tabora, ambayo ipo tangu 1963, au Buguruni, au Mwanga kule Kilimanjaro, atatokea mtu aliyelala bweni moja na wewe. Mzee mmoja fundi seremala alijitambulisha usiku, na kabla hakujapambazuka kulikuwa na video ya mwanamume wa Kigoma, ameshika picha ya darasa iliyokunjika katikati, kidole kimewekwa juu ya mtoto wa pili kutoka kushoto. Walikuwa hawajaonana tangu wamalize darasa la saba. Video hiyo ilituletea watu wa Kigoma, Shinyanga na Singida bila mimi kuinua mkono.

Tena utambulisho huo unalinda. Linki iliyoachwa wazi huleta matapeli wa "tuma kwenye namba hii", na dada zetu walianza kupigiwa simu za video usiku na wanaume wasiowajua. Kwetu haingii mtu mpaka mmoja aliyemo athibitishe kwamba anamfahamu. Tunakua polepole, na sijutii hata kidogo.

Halafu wape kitu ambacho hawakipati kwingine. Chetu kilikuwa mikopo ya halmashauri. Unajua halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, na iliporudi 2024 matangazo yalikuwa ya spika za mitaani na karatasi za ubaoni. Viziwi wengi hata hawakujua kwamba ile 2 inawahusu. Mimi nilisoma masharti, nikamweleza yule dada fundi cherehani, naye akayasema upya kwa alama zake katika video fupi fupi nne. Nilijaribu kwanza kuzirekodi mwenyewe nikajikuta nafuata mpangilio wa Kiswahili, na watu wakauliza maswali yaleyale. Zake zilieleweka mara moja, zikasambaa mikoa ambayo sijawahi kufika.

Cha kuchangamsha hukosi. Alama zetu zinatofautiana kwa shule, kwa hiyo kila Ijumaa tunatupa neno moja kila mtu aonyeshe alama yake. Siku ya "shangazi" tulipata video 31. Wazee wa Tabora hawakukubali mpaka Jumapili.

Mengine ni ya kiufundi lakini yanaua grupu. Video inakula bando, kwa hiyo weka mwisho sekunde 30, na usiruhusu watu kumwaga vichekesho vya mtandaoni, maana mtu akiishiwa MB kwa vichekesho anajitoa. Mwanga uwe mbele yako. Ukikaa na dirisha mgongoni uso unakuwa giza, na uso ni sehemu ya sentensi, nyusi peke yake zinaweza kugeuza maelezo kuwa swali. Kwenye simu ya video ya watu wengi pamoja, programu nyingi humkuza anayetoa sauti, kwa hiyo jogoo akiwika uani kwa mtu, yeye ndiye anajaza kioo wakati anayeongea kwa mikono amebaki kidoti. Sisi hatuzidi watu sita, na anayetaka kusema anapunga mkono.

Wanaosikia je? Wanaotaka kujifunza alama ni watu wema, lakini walikuwa wengi na wanaandika haraka, viziwi wakarudi kuwa watazamaji. Mmoja alituma hata ujumbe wa sauti. Tuliwafungulia grupu lao, na wapo viziwi wawili wanaowafundisha. Kwetu wamebaki wakalimani wawili tu. Na tafadhali ondoa neno "bubu" kwenye maelezo ya grupu lako. Najua hukukusudia ubaya, ila wengi tumeitwa hivyo kwa kudharauliwa. Sisi ni viziwi, na lugha tunayo.

Waliobaki nje ni wale wasio na simu janja, na wale ambao hawakupelekwa shule kabisa. Mwaka jana mjomba mmoja alimleta kwa fundi kijana wa kijijini Kilosa, karibu miaka 20, ana ishara za nyumbani tu: kula, ng'ombe, lala. Ilikuwa Jumapili, simu yetu ya pamoja inaendelea, simu imeegemezwa kwenye cherehani. Yule kijana alikaa kwenye stuli ya wateja, kiganja shavuni, akatazama watu sita wakiongea kwa mikono. Hakuelewa kitu, wala hakugeuza macho. Mjomba alimgusa bega mara tatu, basi linaondoka, hakunyanyuka. Sasa huletwa kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Hana namba, hayumo kwenye orodha ya wanachama, lakini tukianza tu watu huuliza kama amefika, kwa jina la alama alilopewa siku ileile: kiganja shavuni.