Kabla ya kununua pampu, chora mabomba

Maswali ya safari hii kuhusu mabwawa ya kuogelea ni ya pampu, taa na joto. La mabomba halikuja hata moja. Nitayajibu, lakini mabomba nitayaingiza mwenyewe.

Nimeshauriwa ninunue pampu ya nguvu za farasi 3 ili maji yawe safi zaidi. Bwawa ni mita 8 kwa 4. Itatosha?

Itazidi, tena sana. Kina hukukitaja (hakitajwi kamwe, sijui kwa nini), basi nachukua wastani wa mita 1.5. Hapo una lita 48,000. Ukitaka maji yote yapite kwenye chujio mara moja ndani ya saa 8, unahitaji lita 6,000 kwa saa, kazi ya pampu ndogo. Hilo dude lako likisukuma mara nne ya hapo kwenye bomba la milimita 50, maji yatakimbia zaidi ya mita 4 kwa sekunde, ilhali upande wa kunyonya hautakiwi kuvuka mita 1.5 hivi. Utapata kelele, pampu itavuta hewa, na chujio dogo litapitisha uchafu lililopaswa kuushika. Maji hayatakuwa safi zaidi. Bili ndiyo itakuwa kubwa zaidi.

Nunua pampu ya kasi inayobadilika. Ukipunguza kasi kwa nusu, maji hupungua nusu, lakini umeme inaoula hushuka hadi karibu sehemu ya nane. Iache izunguke polepole kwa saa nyingi. Chujio lizidi mahitaji ya pampu kwa ukubwa, na mabomba yawe ya milimita 63. Pampu mbovu hubadilishwa kwa siku moja. Bomba jembamba lililolala chini ya zege utaishi nalo.

Tunataka bwawa la chumvi kwa sababu hatupendi klorini.

Tena? Mashine ya chumvi *inatengeneza* klorini. Maji huwekwa chumvi gramu 3 hadi 4 kwa lita, umeme hupita kwenye seli (vibamba vya chuma ndani ya mashine), klorini inazaliwa humo humo. Faida ni kwamba hubebi ndoo za dawa na klorini hutoka kidogo kidogo. Ila pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) hupanda kila mara na itahitaji asidi, seli huchakaa, na vyuma na mawe laini ya ukingoni huliwa na chumvi. Kupima kuko pale pale: klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita, pH 7.2 hadi 7.8. Ile harufu inayowachoma macho mara nyingi ni ya klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Yaani dawa imepungua, haijazidi.

Fundi anasema tundu moja la kunyonya maji sakafuni linatosha, mawili ni kupoteza hela.

Msimamishe kabla hajamwaga zege. Tundu moja likizibwa na mwili au kushika nywele, pampu inaendelea kuvuta, na hata mtu mzima mwenye nguvu anaweza kushindwa kumnasua aliyekwama. Marekani ilitunga sheria mwaka 2007 yenye jina la Virginia Graeme Baker, msichana wa miaka 7 aliyefariki mwaka 2002 baada ya kunaswa na tundu la spa, yaani bwawa dogo la maji moto. Weka mawili, yaachane angalau sentimita 90, yaungane kwenye bomba moja bila vali ya kufunga mojawapo. Vifuniko viwe vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, si wavu wa sinki. Swichi ya kuzima pampu iwe karibu na ionekane.

Uzio hukuuliza: mita 1.2 au zaidi, lango lijifunge lenyewe, komeo mtoto asilifikie. Fundi anayebana hela kwenye matundu atabana na hapo.

Spa iungane na bwawa au iwe peke yake?

Mkiitumia mara moja moja, iungane. Mkiingia kila jioni, itengeni. Kupasha lita 1,500 kwa nyuzi 13 ni kama uniti 23 za umeme. Bwawa la lita 50,000 linakula uniti 58 kwa nyuzi 1 tu. Vyovyote vile, jeti (vitundu vinavyorusha maji kwa nguvu) zipeni pampu yake na mabomba yake manene, maana kila jeti hutaka takriban lita 3,000 kwa saa, na watu hupenda kuweka nane. Joto lisipite nyuzi 40, na mjamzito amuulize daktari kwanza.

Tupashe maji kwa pampu ya joto (ile inayovuta joto la hewani) au paneli za jua?

Mfuniko. Joto jingi la bwawa hutoroka na mvuke, kwa hiyo hita bila mfuniko ni kuteka maji kwa pakacha. Ukishanunua mfuniko, niandikie tena.

Taa za rangi ngapi?

Moja. Iwe ya volti 12, na saketi yote iwe na kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachozima umeme ukianza kuvuja.

Dawa tuzihifadhi kwenye chumba cha pampu?

Hapana. Mvuke wake hula vyuma na vifaa vya umeme. Klorini na asidi zikikutana hutoa gesi ya sumu, na aina mbili za klorini zikichanganywa zikiwa kavu zinaweza kuwaka au kulipuka, hata kwa kuchotwa na kopo moja. Zitengeni, pakavu, penye hewa, chini ya kufuli. Na siku zote dawa ndiyo humiminwa kwenye maji, si maji kwenye dawa.