Mtoto sio kifaranga cha bata mkuu

Mkuu, umeuliza kama mtoto naye atajua kuogelea mwenyewe kama vile vifaranga vya bata ulivyomuatamishia kuku. Hivyo vifaranga kukimbilia dimbwi bila kufundishwa, hiyo wamezaliwa nayo kabisa. Ila usije ukamtupa dogo Ziwa Tanganyika pale Kibirizi, Kigoma, eti naye atajua mwenyewe, aisee! Binadamu anazaliwa anajua kunyonya na kung'ang'ania kidole, kuogelea anafundishwa. Hata sokwe wetu wa hifadhi ya Gombe, ile ya kuvua mchwa kwa kijiti aliyoiona mtafiti Jane Goodall mwaka 1960, watoto wanamwangalia mama miaka kibao wanajaribu wanakosea wanarudia, na vijike huwa vinawahi kushika kuliko vidume (kama darasani tu). We ingia naye maji ya magotini, ziwa likiwa limetulia, mshike tumboni, apige miguu.