Maswali ya Wasomaji: Je, Mwenyekiti Alirudishwa Nyuma?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfasiri ninayeanza kazi hapa Dar es Salaam. Hivi karibuni nilipewa habari ya Kiingereza iliyosema kwamba mwenyekiti wa mkutano alikuwa "taken aback" alipoulizwa juu ya hesabu za chama. Niliandika "alirudishwa nyuma", na wenzangu ofisini wakanicheka. Je, msemo huu una maana gani, na asili yake ni nini? – Msomaji, Kigamboni.

JIBU: Wenzako walikuwa na haki ya kukusahihisha, si ya kukucheka, kwa kuwa uliikosa maana ya leo lakini ukaigusa asili yenyewe. Siku hizi anayesemwa hivyo ni mtu aliyeshtukizwa na jambo ambalo hakulitazamia, akabaki kwa muda hana la kusema wala la kutenda. Neno "aback" hapo kale lilimaanisha kuelekea nyuma tu. Waliolipa uzito ni mabaharia.

Merikebu za Ulaya za zamani zilikuwa na matanga mapana ya mraba, yaliyofungwa kwenye foromali, yaani boriti za kushikia matanga, zilizokingama mbele ya mlingoti, nayo yalitegemea upepo wa nyuma au wa ubavuni. Upepo ulipogeuka ghafla, au mshika usukani alipopitiwa akauacha upande wa omo, yaani wa mbele ya chombo, uelekee upepo, matanga yalipigwa kwa mbele yakagandamizwa kwenye mlingoti. Merikebu ilisimama, pengine ikaanza kwenda kinyumenyume, na katika dhoruba mlingoti wenyewe uliweza kuvunjika. Mabaharia wetu wa majahazi, wanaozijua vyema pepo za omo, hawahitaji kuelezwa hofu hiyo.

Kinachonivutia zaidi ni kile kitenzi "taken", yaani kukamatwa. Manahodha hao hao waliweza kuyageuza matanga yakapigwa kwa mbele kwa makusudi, ili kupunguza mwendo au kuisimamisha merikebu wakati wa kushusha mashua, na hapo hakuna aliyesema kwamba merikebu imekamatwa. Tanga lilikuwa lile lile na upepo ule ule. Tofauti ilikuwa kama nahodha alijiandaa au la. Msemo ulipohamia nchi kavu na kuanza kutumika kwa watu, jambo lililokwisha kuzoeleka katika karne ya 19, ulikuja na maana hiyo ya kutojiandaa.

Kuhusu tafsiri, wengi huandika "alipigwa na butwaa", nami silikatai, ingawa butwaa humpata hata aliyejiandaa, kama vile mtu aonapo uzuri uliopita kiasi. Kwa mwenyekiti wako ningeandika kwamba swali lilimkuta hana hili wala lile. Ile "alirudishwa nyuma" iweke akiba hadi siku utakapopewa habari ya merikebu.