Jicho lina ukungu, sikio ni kali: picha za uso kwa kamera ya inchi 4 kwa 5

SWALI: Natumia kamera ya filamu ya inchi 4 kwa 5, lenzi ya milimita 210 na filamu ya ISO 400, nyeusi na nyeupe. Mandhari hutoka vizuri kabisa. Nikipiga uso barazani kwa f/8 (kipimo cha tundu la lenzi; namba ikikua, tundu linapungua), macho yana ukungu ila sikio ni kali, na negativu ni nyembamba (hafifu, kama iliyokosa mwanga) ingawa nafuata kipimamwanga. Lenzi imeharibika?

JIBU: Sidhani. Matatizo yote mawili yanakuja kwa sababu umemsogelea mtu, jambo ambalo kwenye mandhari hulifanyi.

Tuanze na negativu nyembamba. Ili kupata kichwa na mabega, mvukuto wa kamera (ile sehemu ya mikunjo kati ya lenzi na filamu) unaurefusha hadi kama sentimita 26, na mwanga unaofika kwenye filamu unapungua. Kipimamwanga cha mkononi hakilijui hilo. Pima kwa rula, kwa sentimita, kutoka ubao wa lenzi hadi kioo cha kutazamia (kile cha nyuma unachofokasia), gawanya kwa urefu wa lenzi, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: 26 kwa 21 ni 1.24, na 1.24 mara 1.24 ni 1.5. Mwanga unaohitajika ni mara moja na nusu. Kwa lenzi yako kumbuka hivi: sentimita 25, ongeza nusu stopu (stopu moja ni mwanga maradufu), sentimita 30 (uso umejaza filamu), ongeza stopu nzima. Bandika utepe wenye alama hizo kwenye reli ya kamera, usipige hesabu mtu akikusubiri.

Pima mwanga unaomwangukia mtu, kipimamwanga kikiwa mbele ya uso wake. Ukipima unaorudi kutoka kwenye ngozi nyeusi, kifaa kitataka kuigeuza kijivu cha katikati na negativu itakuwa nzito kupita kiasi.

Sasa macho. Kwa ukaribu huo, f/8 inakupa kina cha ukali (eneo la mbele hadi nyuma linalotoka kali) cha sentimita 3 hivi, na kutoka jicho hadi sikio ni zaidi ya maradufu ya hapo. Unafokasi, unafunga shata, unaingiza kipochi cha filamu, unavuta kibao chake kinachozuia mwanga, na katika sekunde hizo mtu amepumua, amelegea, ameinama mbele. Jicho limeondoka pale ulipolipima na sikio limechukua nafasi yake. Ndiyo maana ukali uko nyuma. Angeegemea nyuma, ungeuona puani.

Punguza tundu la lenzi hadi f/16: kina kinafika karibu sentimita 6. Kivulini, kwa ISO 400 na nyongeza ya mvukuto, utaangukia karibu na 1/30 ya sekunde, ambayo mtu aliyekaa anaivumilia. Mpe kiti chenye mgongo na kitu cha kugusa kisogoni, hata mpini wa ufagio uliofungwa kwenye kiti. Wapiga picha wa karne ya 19 walitumia vyuma vya kushikilia kichwa, nao hawakuwa wajinga.

Njia ninayoipendelea zaidi ni uzi. Ufunge chini ya lenzi. Fokasi kwenye jicho lililo karibu, lenzi ikiwa wazi kabisa, ukitumia kioo cha kukuzia, kisha piga fundo pale uzi unapogusa kona ya jicho hilo. Kaza skrubu za fokasi, funga shata, weka f/16, tega shata, ingiza kipochi, vuta kibao. Nyosha uzi tena: mtu asogee mpaka fundo liguse kona ya jicho. Achia uzi, fyatua kwa waya wa shata. Rudisha kibao upande mweusi ukitazama nje, usije ukapiga filamu ileile mara mbili.

Kuna mtuhumiwa mmoja zaidi. Kama kioo cha kutazamia hakikai kwenye usawa uleule na filamu, mandhari ya f/22 yatakuficha kosa hilo, lakini uso hautakuficha. Toa shiti moja ya filamu kwa jaribio: laza rula kwa mshazari wa nyuzi 45, umbali wa mita moja, fokasi kwenye namba 15, piga lenzi ikiwa wazi kabisa. Namba 15 ikitoka kali, kamera haina kosa, ni mtu anayesogea. Ikitoka kali 17 au 13, fungua fremu ya kioo. Mara nyingi kioo kimewekwa kinyume. Upande wenye chengachenga unapaswa kutazama lenzi. Au mtu ameongeza lenzi bapa ya kung'arisha mbele ya kioo bila kurekebisha nafasi.