Kreatinini ya kawaida haitoshi kuonyesha kwamba figo iliyopasuka imepona

Ndugu yangu wa Mafinga, pole kwa kuuguza. Umeeleza kwamba mdogo wako alianguka na bodaboda, figo ya kushoto ikapasuka kwa daraja la 4 (ukali wa jeraha la figo hupangwa kuanzia 1 hadi 5, na 5 ndilo baya zaidi), akatibiwa bila upasuaji, na sasa unauliza kama kiwango cha kawaida cha kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja, kinamaanisha figo hiyo imepona.

Kipimo hicho peke yake hakikupi jibu, kwa sababu figo ya kulia, ambayo haikuumia, huongeza kazi, na kipimo cha damu huweza kusoma vizuri hata kama ya kushoto imepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Altrasaundi huonyesha umbo na mkojo uliojikusanya. Mgawanyo wa kazi kati ya figo mbili huonyeshwa na skani ya nyuklia iitwayo DMSA, hivyo mwulizeni daktari wa mfumo wa mkojo katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya, kama anaihitaji. Mara nyingi figo ya daraja la 4 hubaki na kovu lakini huendelea kufanya kazi. Daraja la 5 hupoteza zaidi.

Ninalokusihi hasa ni shinikizo la damu. Figo yenye kovu au isiyopata damu ya kutosha huweza kulipandisha taratibu bila dalili yoyote, kwa hiyo apimwe mara kwa mara, hata kwenye zahanati ya kijiji, na namba ziandikwe daftarini. Asinunue diklofenaki dukani kwa ajili ya maumivu ya mgongo, maana dawa hiyo huweza kuumiza figo. Akipata homa, maumivu ya ubavuni au mkojo mwekundu, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.