Nilikuwa nalipwa baa

Jumamosi iliyopita nimewalipa mafundi wangu sita saa nane mchana, saitini, kila mmoja kwenye simu yake. Saa tisa walishapanda daladala. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Wiki hiyohiyo fundi rangi mmoja kaniandikia: "Kaka, kila wiki naapa sinywi, Jumamosi tukilipwa baa najikuta nimelewa. Nimerogwa?" Hapana, mdogo wangu. Niulize mimi.

Nilikuwa saidia fundi Mbagala kwa miaka minne. Siku za zege tulitembea na viroba, vile vipakiti vya pombe kali, mfukoni, maana zege hailali na kifua kinataka moto. Serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017, tukahamia chupa. Lakini kilichonimaliza ni malipo. Msimamizi alitulipia baa. Alikuja na noti za elfu kumi tupu, eti chenji iko kaunta, na kaunta haimpi chenji mtu aliyesimama mikono mitupu. Unaagiza moja. Hesabu za wenzako zinachelewa, unaagiza ya pili. Jina lako linaitwa saa mbili usiku na bili imeshakatwa humohumo.

Kuna Jumamosi nilifika nyumbani na elfu tatu na mia tano. Mama watoto hakunigombeza. Alizihesabu, akazifunga kwenye pindo la kanga, akazima taa. Afadhali angenitukana.

Baadaye sana ndiyo nikajua kuwa Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1949, unakataza kulipa ujira baa, labda kwa wanaofanya kazi humo. Na Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka ulipwe mahali pa kazi, saa za kazi. Nani angetuambia?

Fundi rangi, najua na wewe unataka saiti yako siku moja. Basi omba ulipwe saitini. Akikataa, omba tena. Ila kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka unywe, usiache ghafla peke yako; nenda hospitali kwanza, degedege la kuacha pombe linaua.

Nanyi wasimamizi mnaokunywa bia za ofa kwa kumletea mwenye baa wateja, mnakula ada za watoto wa watu. Nimesema.

Fundi rangi, Jumamosi hii mwambie msimamizi wako akutumie kwenye simu. Akilalamikia makato ya kutolea, mwambie utalipa wewe.